Chungu cha Hadhara: Mapishi ya Kuchangisha Fedha katika Delta ya Rufiji

Miongoni mwa njia ambazo wanadamu wamezitumia kukusanya fedha kwa ajili ya jambo la heri, sioni iliyo na adabu kuliko ile inayomkaribisha mchangaji jamvini, ikamfundisha kabla ya kumwomba, ikamlisha kabla ya kumtajia kiasi cha mchango, kisha ikamrudisha nyumbani kwake akiwa na maarifa ambayo hakuja nayo. Njia hiyo ni mapishi ya hadhara: wapishi hodari hupika mbele ya watu, hueleza kila wanalotenda na sababu ya kulitenda, watu hula kilichopikwa, na fedha za kiingilio na za mnada huingia katika mfuko wa jambo lililokusudiwa. Nimekusudia kueleza hapa namna shughuli ya aina hiyo, yenye watu 300 hivi, inavyoweza kupangwa Kiongoroni, katika visiwa na vijito vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Rai yangu ni kwamba hufaulu pale tu ambapo chakula, ilimu na fedha vinashikwa kuwa ni amana tatu zenye uzito mmoja. Moja ikidharauliwa, mbili zilizobaki huharibika pamoja nayo.

Jambo la kuchangia halina haja ya kutafutwa mbali. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za msingi na katika kidato cha kwanza hadi cha nne, na watoto wengi wakajaa madarasani. Lakini chakula cha mchana cha mwanafunzi kimebaki katika dhima ya wazazi na jamii inayoizunguka shule. Mtoto wa delta aliyeamka alfajiri, akavuka kijito kwa mtumbwi, akakaa darasani hadi jua la utosi bila ya kitu tumboni, hawezi kudaiwa hesabu wala insha kwa insafu. Jiko la shule lililojengwa vyema, sufuria za kutosha, tangi la kuhifadhi maji na ghala dogo la nafaka ni vitu ambavyo kijiji kinaweza kuvipata kwa juhudi zake chenyewe, na ni vitu ambavyo kila mchangaji anaweza kuvitazama kwa macho yake mwaka unaofuata. Harambee ya jambo lisiloonekana huzaa shaka, na shaka ikiingia, mikono hufumba.

Wala desturi yenyewe si ngeni kwetu. Watu wa pwani wamekula kikoa tangu zama za wazee wa wazee wetu, kila mmoja akileta sehemu yake na wote wakila sahani moja. Ilipofika zamu ya siasa, desturi hizo ziliingia katika kazi kubwa zaidi. Chama cha TANU kilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954 hakikuwa na hazina ya kujivunia. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akashika uongozi wa wanawake wake, na katika jiji la Dar es Salaam wanawake wa vikundi vya ngoma ya lelemama, wengi wao wakipata riziki kwa kuuza maandazi, vitumbua na vyakula vingine vya kupikwa nyumbani, wakawa miongoni mwa waandikishaji na wachangishaji hodari kuliko wote. Waliyajua mambo mawili ambayo wasomi wa chama walikuwa bado kuyajua: namna ya kuwakusanya watu wengi bila ya kuwatisha, na namna ya kuitunza senti ndogo hata ikawa shilingi.

Miaka 20 hivi baadaye taifa zima lilijaribu jambo lingine linalotufaa leo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai, ambapo mamilioni ya watu wazima walijifunza usafi, lishe na utunzaji wa chakula kwa njia ya redio. Siri ya kampeni hizo haikuwa redio peke yake. Watu hawakurundikwa uwanjani wakahutubiwa. Waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake aliyefunzwa mapema, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakatenda. Kundi kubwa hufundishwa vyema likiwa limegawanywa, na hii ndiyo kanuni ya kwanza ambayo mpangaji wa mapishi ya watu 300 hana budi kuishika.

Kanuni ya pili inatoka mbali, na imejaa majonzi. Mwaka 1847, Ireland ilipokuwa katika njaa kuu baada ya viazi kuoza mashambani, mpishi mashuhuri wa London aitwaye Alexis Soyer alijenga jiko kubwa la mfano mjini Dublin, likafunguliwa mwezi wa Aprili. Kwa ufundi, lilikuwa jambo la shani: maskini waliingizwa mia kwa mia, kengele ikilia wakaketi, wakanywa mchuzi kwa vijiko vilivyofungwa minyororo, kisha wakatoka ili wengine waingie. Lakini siku ya kufunguliwa kwake, mabwana na mabibi wa mji walitozwa shilingi 5 kila mmoja ili wasimame na kuwatazama wenye njaa wakila, na fedha hizo zikahesabiwa kuwa ni sadaka. Magazeti ya wakati ule yaliliona tendo hilo kuwa ni fedheha, nayo yalikuwa na haki. Fedha iliyopatikana kwa kuivua jamii heshima yake haina baraka, hata ikinunua mkate.

Kwa hiyo mapishi ya Kiongoroni yasiwe tamasha la kuwaonyesha wageni umaskini wa watu wa delta. Yawe ni wenyeji wanaofundisha, na wageni wanaojifunza. Mgeni kutoka Kibiti, Dar es Salaam au Mafia alipe kiingilio kwa sababu atapata asichokijua: namna ya kumchambua kaa wa mikoko, namna ya kumtengeneza kamba asikakamae, namna ya kupika wali wa nazi wa mpunga uliovunwa hapo hapo. Mwalimu wake awe bibi wa kijijini aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, na aitwe mwalimu, na alipwe posho kama mwalimu. Aketi jamvini pamoja na mgeni, wale sinia moja. Asiwepo mtu anayekula hali mwingine amesimama kumtazama.

Baada ya hayo ndipo mpangaji ashike kalenda, na katika delta kalenda ya kwanza ni ya maji. Mto Rufiji, unapokaribia Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia, hujigawa katika matawi mengi; na vyombo vinavyopita katika matawi hayo, viwe mitumbwi, mashua au boti za mashine, hutii kujaa na kupwa. Wageni wanaotoka Nyamisati wasipangiwe saa ya kuondoka kwa kuangalia saa ya ukutani tu. Nahodha aulizwe kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na chombo kilichochelewa hukwama matopeni hadi maji yarudi. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua, lakini vijito vingine huwa na kina kidogo. Saa ya kufika na saa ya kuondoka ziandikwe kwa kufuata maji, kisha ratiba ya mapishi ipangwe katikati yake, wala si kinyume chake. Kila chombo kiwe na maboya ya kujiokolea kwa idadi ya abiria, na mzigo wa sufuria na magunia usafirishwe siku moja kabla, mbali na watu.

Kalenda ya pili ni ya majira. Masika haifai. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoharibu mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, yakafuatwa na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, yamewakumbusha wote kwamba miezi hiyo si ya kuwavusha watu 300 kwa ajili ya karamu. Wakati bora ni baada ya mavuno ya mpunga, mvua zikiwa zimekatika na kila nyumba ikiwa na kitu ghalani. Hapo mwanakijiji asiye na fedha anaweza kuchangia pishi mbili za mchele, na mchango wake ukaandikwa daftarini kwa thamani yake kamili sambamba na noti ya mgeni. Aidha, maadhali wakazi wengi ni Waislamu, shughuli isiingie Ramadhani, wala isigongane na sala ya Ijumaa. Jumamosi, tangu saa nne za asubuhi hadi alasiri, yatosha.

Jambo la tatu ni maji ya kunywa na ya kupikia, ambalo wageni aghalabu hawalifikirii na wenyeji hawalisahau hata siku moja. Delta imezungukwa na maji pande zote, ilhali maji baridi ni adimu, kwa kuwa chumvi ya bahari hupanda vijitoni na kuingia visimani. Kwa kupika, kunywa, kunawa mikono na kuosha vyombo, akiba isipungue lita 5 kwa kila mtu. Kwa watu 300 hizo ni lita 1,500, yaani ndoo 75 za lita 20. Kisima cha kijiji kisikaushwe kwa karamu ya siku moja. Maji yaletwe kwa vyombo au yakusanywe mapema katika matangi ya mvua, na gharama yake iingie katika makadirio tangu mwanzo.

Jambo la nne ni moto, na hapa shughuli nzima hupimwa uaminifu wake. Delta ya Rufiji ina hekta 53,000 hivi za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kuni za mkandaa na mkoko zina moto mkali, na jaribu la kuzikata ni kubwa. Lakini msitu huo ni hifadhi kwa mujibu wa sheria, na katika mizizi yake ndimo makinda ya kamba na samaki yanamokulia. Kumpika kamba kwa kuiteketeza nyumba aliyolelewa ni kuidhulumu kesho ya wavuvi wetu. Mapishi haya yatumie majiko ya gesi au majiko banifu yanayokula kuni chache, na wapishi waeleze hadharani tofauti ya matumizi. Tanzania imekwisha kujiwekea lengo: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa tarehe 8 Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Siku sita baadaye, katika mkutano wa Paris ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Fedha za Paris huenda zikachukua muda kufika katika vijito vya Kiongoroni. Jiko la shule moja linaweza kuanza na mikono ya watu wake.

Sasa tuje katika maakuli. Orodha iwe fupi, na iwe ya mahali. Wali wa nazi, mchuzi wa kamba, mboga ya matembele au kisamvu, na vitumbua vya mchele vya kumalizia: vyote vinne vyapatikana katika mazingira ya delta, na katika kila kimoja mna somo. Asiyekula kamba, kwa kuwa mwili wake hauwapokei, aulizwe mapema na apikiwe mbaazi za nazi katika sufuria yake, kwa mwiko wake. Kiasi nacho kisikadiriwe kwa macho. Gramu 150 za mchele kwa kila mlaji ni kilo 45 kwa watu 300. Pakiongezwa sehemu ya kumi kwa wapishi na wageni wa ghafula, gunia la kilo 50 latosha. Kwa nazi, tatu kwa kila kilo mbili za mchele hutoa tui la kuridhisha, hivyo nazi 75 zitoshe wali, na nyingine zitengwe kwa mchuzi na mboga. Kamba wenye maganda wasipungue kilo 45, kwa sababu kichwa na ganda huondoa sehemu kubwa ya uzito wao.

Mchele wa kilo 50 usipikwe katika sufuria moja, kwani wa chini utaungua na wa juu utabaki kiini. Zitumike sufuria tano za kilo 10 kila moja, na kila sufuria iwe na mpishi wake anayejua lini apunguze moto na lini apalie makaa juu ya mfuniko. Hizi ni sufuria za kulisha, na mahali pake ni nyuma ya uwanja. Mbele ya watazamaji ziwepo sufuria ndogo za kufundishia, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kitu kwa kutazama pipa la wali linalokorogwa na vijana wanne. Kuchanganya kazi hizi mbili, ya kulisha na ya kufundisha, ndilo kosa linaloharibu shughuli nyingi: ama somo huharakishwa kwa sababu watu wana njaa, ama chakula huchelewa kwa sababu mpishi anaendelea kueleza.

Watu 300 wagawanywe katika duara 10 za watu 30. Kila duara ikae kwenye kituo chenye jiko moja, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja, na jamvi la kukalia chini ya turubai au mwembe. Kituo cha kwanza kifundishe kukuna nazi kwa mbuzi na kukamua kwa kifumbu, tui zito likitengwa na tui jepesi. Cha pili, kusafisha kamba na kuutoa ule uzi mweusi wa mgongoni. Cha tatu, kupima maji ya wali. Cha nne, kuchagua na kuchambua mboga. Cha tano, kusaga mchele ulioroweshwa na kuchoma vitumbua. Vituo hivi vitano virudiwe mara mbili, upande wa kulia na wa kushoto wa uwanja, na kila baada ya nusu saa duara zihame. Wageni washike mbuzi na mwiko kwa mikono yao wenyewe. Kila mmoja apewe karatasi moja yenye vipimo vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi.

Usafi si jambo la kuachiwa bahati. Bwana afya wa eneo ahusishwe tangu kikao cha kwanza, si siku ya karamu. Kamba wakae katika barafu tangu wanapotoka majini hadi wanapoingia sufuriani. Tui lipikwe mara likamuliwapo. Na wali ukishaiva uliwe ungali moto, kwa sababu wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi huzalisha vimelea ambavyo hata kupashwa moto tena hakuiondoi sumu yake yote. Saa mbili baina ya kuepua na kula ndio ukomo. Maji tiririka na sabuni viwekwe mlangoni mwa kila turubai, na vyoo vya wanawake na wanaume vitengwe na kusafishwa kila saa.

Amana ya tatu ni fedha, nayo ndiyo iliyozivunja heshima za harambee nyingi. Nchini Kenya, ambako Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963 na shule nyingi zikajengwa kwayo, ilifika wakati michango ikawa jukwaa la wanasiasa kutangaza majina na noti zao, hata sheria ya mwaka 2003 ya maadili ya maofisa wa umma ikawekea mipaka ushiriki wao. Tujifunze kwa jirani. Kiingilio kiwe kimoja kwa wageni wote. Tukikisia shilingi 5,000 kwa kila mtu, watu 300 watatoa shilingi 1,500,000. Fauka ya hiyo uwepo mnada wa vitu vya heshima: pakacha la maembe, mkeka uliosukwa na akina mama wa kijijini, sinia la vitumbua. Watakaotaka kutoa zaidi watoe kwa bahasha au kwa simu, katika namba iliyosajiliwa kwa jina la kamati, wala si ya mtu binafsi, na majina yasisomwe kwa kipaza sauti kwa kufuata ukubwa wa mchango.

Vibali vya serikali ya kijiji na kata vipatikane kwa maandishi. Fedha zishikwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, mmoja wao akiwa mwanamke wa kikundi cha upatu, kwa maana kikundi cha upatu ni chuo cha uaminifu ambacho hakijapata kushindwa kwa kukosa vyeti. Matumizi yakizidi theluthi moja ya mapato, shughuli imewalisha wapangaji zaidi ya shule, na kamati ijieleze. Hisabu yote, tangu bei ya chumvi hadi nauli ya mashua, ibandikwe katika ubao wa ofisi ya kijiji kabla ya siku saba kupita, na nakala yake ipelekwe kwa kila mgeni aliyelipa.

Lau mtu atauliza kama kazi hii yote inastahili, ilhali tajiri mmoja angeweza kulijenga jiko hilo kwa hundi moja, jibu langu ni kwamba jiko la tajiri litakapopasuka litamngoja tajiri. Jiko lililojengwa na watu 300 waliokaa duara moja wakakuna nazi pamoja lina wenyewe 300 wa kulitengeneza.

Kwa hiyo nawaomba wana wa Kiongoroni na wa delta yote, waliopo nyumbani na waliotawanyika Dar es Salaam na kwingineko, wasingoje mfadhili. Iteuliwe kamati ya watu saba, ikae na walimu wakuu, manahodha na akina mama wapishi, ichague Jumamosi moja baada ya mavuno yajayo, na iandike makadirio yake katika ukurasa mmoja ambao kila mtu anaweza kuusoma. Nanyi wasomaji wa bara mtakaoalikwa, lipeni kiingilio, vukeni maji, mkajifunze kwa heshima. Na mkirudi, ulizeni hisabu, kwa sababu mchangaji asiyeuliza hisabu hujidhulumu mwenyewe na humdhulumu mtoto aliyechangiwa.